Kemikali Bashirifu: Kutoka Vienna Hadi Kaunta ya Duka la Dawa

Udhibiti wa kemikali bashirifu, yaani malighafi za dawa za kulevya, ulipata nguvu kimataifa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Vienna mwaka 1988. Ugumu ni kwamba nyingi zina kazi halali: asetoni huondoa rangi ya kucha, sudoefedrini huzibua pua. Sheria ya Marekani ya mwaka huohuo ilibana poda ya efedrini lakini ikaviacha vidonge vya dukani, mwanya ambao watengenezaji wa methamfetamini hawakuchelewa kuuona. Sheria iliyosainiwa Machi 2006 iliviweka vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini nyuma ya kaunta: mteja aonyeshe kitambulisho, asaini daftari, asizidishe gramu 3.6 za kemikali hiyo kwa siku. Maabara za majumbani zilipungua, lakini uzalishaji mkubwa ukashamiri Mexico.