Mbio za Boti na Maji ya Kisaki

Tarehe 28 na 29 Agosti 1908, kusini mwa Uingereza, boti za injini zilishindana katika Michezo ya Olimpiki. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, na wana haki, maana mchezo huo uliingia Olimpiki mara hiyo moja tu na haukurudi tena. Mahali penyewe panaitwa Southampton Water, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Hali ya hewa ilikuwa mbaya kwelikweli. Kulikuwa na madaraja matatu ya mashindano, kila moja la maili 40 za baharini, na katika kila daraja ilimaliza boti moja tu.

Madaraja mawili kati ya hayo yalichukuliwa na boti ndogo iliyoitwa Gyrinus, iliyobeba watu watatu: Thomas Thornycroft, Bernard Redwood na John Field-Richards. Bahari ilikuwa inaingia ndani, kwa hiyo sehemu ya kazi ya timu hiyo ilikuwa kufua maji, yaani kuyachota chomboni na kuyarudisha yalikotoka. Kila safari iliwachukua kama saa mbili na nusu. Muda wao umeandikwa mpaka sekunde, na ukiutaka leo unaupata kwa simu yako kabla chai haijapoa.

Shika hilo neno, sekunde. Tutalihitaji mbele.

Washindani hawa walikuwa watu wa ridhaa. Hawakulipwa, walishindana kwa kupenda. Lakini tusidanganyane: mwaka 1908 boti ya petroli haikuwa mchezo wa mvuvi wala wa fundi seremala. Thomas Thornycroft alikuwa mtoto wa John Isaac Thornycroft, mjenzi wa meli, na kampuni ya familia ilijenga vyombo vyepesi vyenye kasi. Mchezo na biashara vilikaa nyumba moja. Kilichojaribiwa kwenye mashindano kiliweza kuuzwa baadaye kwa serikali.

Sasa mtu wa Kisaki anaingiaje hapa? Subiri kidogo.

Kampuni hiyohiyo ya Thornycroft ilijenga boti mbili za mbao za mahogani, kila moja futi 40 hivi, zenye injini za petroli. Aliyeziagiza kwanza ni jeshi la Ugiriki, lakini vita ikaanza na jeshi la majini la Uingereza likazichukua. Mwaka 1915 ofisa mmoja, Geoffrey Spicer-Simson, alipewa kazi ya kuzipeleka Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa wanatamba na meli zao. Akazipa majina Mimi na Toutou, lugha ya watoto wa Kifaransa kwa paka na mbwa. Mswahili akiliona jina Mimi kwenye ubavu wa boti ya vita ana haki ya kutabasamu.

Boti hizo zilisafirishwa kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa reli mpaka Fungurume, Katanga. Baada ya hapo reli ikawaishia. Zikavutwa nchi kavu kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikipanda na kushuka milima ya Mitumba, zikivuka vijito ambavyo kila kimoja kilidai daraja lake. Matrekta ya mvuke yana kiu, na msimu ulikuwa wa kiangazi, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani waliajiriwa kubeba maji kichwani. Halafu tena reli, halafu mto Lualaba, halafu reli ya mwisho mpaka ziwani, karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Walifika Oktoba 1915.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 1915, meli ya Kijerumani iliyoitwa Kingani ilionekana ikija. Mimi na Toutou zikatoka kuikimbiza. Kingani ilikuwa na mzinga unaopiga mbele tu, na boti za Thornycroft zilikuwa na kasi kuliko yenyewe, kwa hiyo zikaizunguka kwa nyuma. Kazi ilikwisha kwa dakika chache. Nahodha wake aliuawa na meli ikatekwa, ikabadilishwa jina ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 ikafuata zamu ya Hedwig von Wissmann, ambayo ilizamishwa. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai mwaka huohuo. Waingereza waliiopoa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Wengi wetu tunaijua kwa jina hilo.

Na Kisaki? Tazama lile jina Kingani. Mto Mgeta unashuka kutoka Uluguru, unazunguka kusini, unapita Kisaki, kisha unaenda kujiunga na Ruvu. Ruvu nao unaingia bahari karibu na Bagamoyo, na zamani sehemu hiyo ya chini iliitwa Kingani. Kwa hiyo meli ya kwanza kukimbizwa na kutekwa na boti za petroli katika maji yetu ilibeba jina la mto unaokunywa maji ya Kisaki. Mimi nimekulia huko, na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza. Simlaumu yeyote. Historia ya mashine huandikwa na wenye mashine.

Miezi michache baadaye vita yenyewe ilifika Kisaki. Septemba 1916 wanajeshi wa Smuts kutoka Afrika Kusini walishuka kuzunguka Uluguru wakiwafuata askari wa von Lettow-Vorbeck, wakapigwa na kurudishwa nyuma pale Kisaki. Wajerumani waliondoka wenyewe siku chache baadaye, lakini majeshi mawili yakabaki yakitazamana kwenye mto Mgeta mpaka Januari 1917. Farasi walikufa kwa mbung'o. Magari yalikwama. Mzigo ukarudi kichwani mwa binadamu. Tarehe 4 Januari 1917, kusini ya Kisaki, pale Beho Beho, akauawa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza. Jina lake likapewa pori zima, moja ya mapori makubwa kabisa ya Afrika, na hata baada ya sehemu kubwa kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, bado watu husema wanakwenda Selous.

Wapagazi waliokufa katika vita ile ni makumi ya maelfu. Wao wameachiwa neno Kariakoo, nalo limetoka kwenye jina la kikosi na si la mtu.

Hapo ndipo sekunde za Southampton zinaponisumbua. Tunajua watu watatu walizunguka majini kwa saa ngapi, dakika ngapi na sekunde ngapi. Waliovuta boti za kampuni ileile juu ya Mitumba, na wale wanawake wenye mitungi, hatuna hata orodha yao. Mashine moja, kumbukumbu mbili.

Lakini historia ya mbio za boti haikuishia kwa matajiri, na sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi.

Mwaka 1909, mjini Milwaukee, Marekani, fundi mwenye asili ya Norway, Ole Evinrude, alianza kuuza mashine ya kupachika nyuma ya mtumbwi. Hakuwa wa kwanza kabisa kuifikiria, ila ndiye aliyeifanya iwe bidhaa ya watu, na mkewe Bess ndiye aliyesimamia ofisi na matangazo. Tofauti yake na Gyrinus ni kubwa. Injini ya Gyrinus ilikaa tumboni mwa boti, na boti ilijengwa kuizunguka. Hii ya Evinrude unaibeba begani, unaifunga kwa skrubu mbili, unavuta, unaondoka. Jioni unaifungua unarudi nayo nyumbani. Wavuvi wetu wa pwani na wa maziwa wanaiita mashine tu, na ukisema hivyo hakuna anayekuuliza mashine gani.

Kifaa hicho kilifungua mlango. Mtu mwenye nyundo, mbao nyembamba na karakana nyuma ya nyumba aliweza kujijengea chombo cha mashindano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na mbio za mto Hudson kutoka Albany mpaka New York, zaidi ya kilomita 200. Madaraja yaligawanywa kwa ukubwa wa injini, ili fedha za mtu zisiamue kila kitu. Mwendeshaji wa boti nyepesi zaidi hakuketi, alipiga magoti, kifua mbele, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mafuta. Akiachia mkono wa mafuta, kasi inakatika yenyewe. Mwanzo wa mbio ulikuwa na ujanja wake: boti haianzi ikiwa imesimama. Zote zinazunguka huku saa kubwa ikihesabu, na mshindani anatakiwa avuke mstari kwa kasi kamili pale saa inapogonga sifuri. Ukiwahi, umefutwa. Ukichelewa, unakula maji ya wenzako.

Ndiyo maana wazee waliocheza mchezo huo miaka ya 1950 na 1960 hukumbuka mambo madogo. Namba iliyochorwa ubavuni. Harufu ya mafuta ya mbarika yaliyochanganywa kwenye mafuta ya injini. Mke aliyeshika saa ukingoni. Rafiki aliyemuazima propela asubuhi kisha akashindwa naye mchana. Wakati huohuo kasi ilikuwa inapanda: mwaka 1958 Hubert Entrop alipita kilomita 170 kwa saa kwa boti yenye mashine ya kupachika. Na jangwani Arizona, Robert McCulloch, mtengenezaji wa injini, aliweka kituo cha kujaribia mashine zake kando ya Ziwa Havasu, mji ukaota hapo, na mwaka 1968 akanunua daraja la London lenyewe na kulihamishia huko jiwe kwa jiwe. Mbio za boti zikawa sehemu ya jina la mji huo.

Kwetu mashine hiyohiyo ilifika, lakini mchezo wake haukuteremka nayo forodhani. Ilikuja kama jembe. Petroli ni ghali, propela ikivunjika kwenye mwamba ni mapato ya wiki nzima, na hakuna mvuvi atakayeunguza mafuta ili azunguke boya mara tano. Mbio zipo, ila ni za riziki: boti zinazorudi alfajiri zikitaka kuwahi mnada wa samaki, maana mwenye kufika mapema hukuta bei ikiwa bado hai. Rufiji, kule chini ya Kisaki, mashine hizo husukuma boti za watalii kwenda kutazama viboko na mamba, na dereva mzuri ni yule anayekwenda polepole. Sisi wa Kisaki penyewe hata hilo hatuna. Mgeta wakati wa kiangazi ni mchanga mwingi na maji kidogo.

Usidhani lakini kwamba sisi hatukushindana majini. Tulishindana, na tunashindana, bila petroli. Zanzibar kuna resi za ngalawa, tanga moja na miti miwili ya kushikilia chombo kisipinduke. Lamu kuna mbio za majahazi. Mwanza kumekuwa na mashindano ya kupiga kasia yaliyobeba jina la bia ya Balimi, wanaume mtumbwi wao na wanawake wao. Uganda, mitumbwi ya koo za Buganda hushindana mbele ya Kabaka. Hawa wote ni watu wa ridhaa kwa maana halisi ya neno: Jumatatu wanarudi kwenye nyavu.

Kilichotukosa ni daftari. Mzee aliyeshinda kwa kasia au kwa tanga miaka 40 iliyopita anakumbuka upepo ulivumia wapi, nani alimkatia njia, chombo kilijengwa na fundi yupi. Ukimuuliza atakuchorea mchangani. Akifariki, mbio zile nazo zimezikwa, na mjukuu atakayetafuta mtandaoni atakuta Southampton, Hudson na Havasu, sekunde kwa sekunde, aamini kwamba majini kulikuwa na wao peke yao.

Wale wazee wa Kimarekani hawakusubiri chuo kikuu kiwaandike. Walihifadhi wenyewe: picha zenye tarehe nyuma, karatasi za matokeo, orodha ya nani alitumia injini gani. Walikuwa mafundi na wauza duka, na leo mwanahistoria anawategemea. Hilo ndilo ningependa tuwaige, kuliko hata kasi yao. Ukiwa na babu au bibi aliyewahi kushika kasia, tanga au mashine katika mashindano yoyote, hata ya kijiji kwa kijiji siku ya sikukuu, mkalishe chini wiki hii. Andika jina la chombo, jina la fundi, mwaka, nani alikuwa wa kwanza na nani alizama. Jina la aliyefua maji liandike pia, maana hata Olimpiki ya 1908 ilimpa medali.