Kandili za Vilindini

Wanazuoni wengi wa Ulaya wa katikati ya karne ya 19 walikuwa na yakini kwamba bahari ikishapita kina fulani ni kaburi tupu, na Edward Forbes wa Uingereza, aliyekwenda mwaka 1841 kuyachunguza maji ya Ugiriki, akaona viumbe vikipungua kadiri chombo chake cha kukokota kilivyozidi kushuka, alikata shauri kuwa chini ya pima 300 hapana uhai kabisa. Dhana hiyo ilikwisha kutikiswa siku ile ya 31 Julai 1898 ilipong'oa nanga Hamburg merikebu Valdivia, chini ya Profesa Carl Chun, ikateremka mpaka penye barafu ya kusini, kisha ikapanda Bahari ya Hindi hata ikatia nanga Dar es Salaam mwaka 1899, zama za Wadachi.

Baadhi ya nyavu za Chun zilikuwa na hila moja: ziliweza kufungwa zikiwa zingali chini, ili kilichonaswa kilindini kisichanganyike na kilichonaswa njiani. Katika nyavu za safari hiyo walitoka samaki wadogo weusi, ubavuni na tumboni wamepangwa vitone mithili ya vifungo vya kanzu, na kila kitone ni kandili. August Brauer, aliyekuwamo chomboni, aliwaeleza kwa taratibu katika kitabu cha mwaka 1906. Na mpango wa taa hizo ni kama nasaba, kwani kila aina ina wake, na aina nyingi dume hutofautiana na jike kwa taa za mkiani. Wavuvi wetu huwasha karabai kuwavuta dagaa. Samaki huyu karabai yake amezaliwa nayo.

Baadaye bahari iliwapumbaza wataalamu mara ya pili, tena kinyume. Mwaka 1942, katika vita, wataalamu wa Kimarekani waliokuwa wakipeleka sauti majini mbele ya pwani ya California ili kuzitafuta nyambizi, walirudishiwa mwangwi kutoka mita 300 na zaidi, mahali ambapo bahari ilijulikana kuwa na kina kikubwa kuliko hicho, kana kwamba pana sakafu nyingine katikati ya maji. Mwaka 1945 Martin Johnson alionyesha kuwa sakafu hiyo hupanda jua likichwa na kushuka alfajiri. Miongoni mwa viumbe vinavyoifanya ni samaki hawa wa kandili, ambao hupanda usiku kutafuta chakula, na ambao wengi wao kibofu chao cha hewa huirudisha sauti. Na wengi wao hawafiki urefu wa shibiri moja.