TEKNOLOJIA: Kuruti simu za zamani na jinsi ya kuzirudisha salama katika programu ya kiwandani

KURUTI simu ni kujipatia mamlaka ya juu kabisa juu ya mfumo endeshi wake, mamlaka ambayo mtengenezaji huyafunga makusudi kabla simu haijatoka kiwandani.

Neno hili limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mzizi, wala halina uhusiano na kuruti anayefunzwa gwaride jeshini. Katika mifumo ya jamii ya Unix, mtumiaji aitwaye "root" ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusoma, kubadilisha na kufuta faili yoyote. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na kwa sababu hiyo kila simu ya Android inaye mtumiaji huyo ndani yake, ila mlango wake umefungwa.

Makala haya yanahusu simu zilizotengenezwa kati ya mwaka 2008 na 2016, ambazo nyingi zingali makabatini mwa watu au zinauzwa kama mitumba. Aghalabu aliyenunua simu ya aina hiyo hajui kama iliwahi kuchezewa, na hulijua jambo hilo siku programu ya benki inapokataa kufunguka.

ASILI YAKE

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa kwa umma ilikuwa T-Mobile G1, iliyotengenezwa na HTC na kuingia madukani Marekani Oktoba 2008. Mwezi uliofuata iligunduliwa kuwa na dosari ya ajabu: kila neno ambalo mtu aliandika kwenye kicharazio lilipokelewa pia kama amri ya mtumiaji mkuu. Aliyemwandikia mwenzake neno la Kiingereza la kuzima na kuwasha upya, simu yake ilizimika na kuwaka papo hapo. Google iliziba dosari hiyo haraka, lakini wapenzi wa teknolojia walikuwa wamekwisha kuona njia.

Tangu wakati huo mbinu nyingi za kuruti zimetegemea dosari za aina hiyo. Mnamo Juni 2014, Mmarekani George Hotz alitoa programu ya Towelroot, iliyotumia kasoro katika kiini cha Linux na kuziruti simu nyingi za wakati huo, Samsung Galaxy S5 ikiwemo, kwa mguso mmoja tu.

Njia ya pili haihitaji dosari. Mwenye simu hufungua kufuli la kianzishi, yaani programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa, kisha huingiza mwenyewe faili za kuruti. Simu za Google za jamii ya Nexus ziliruhusu jambo hili waziwazi, nayo HTC ikaanza kuliruhusu rasmi mwaka 2011. Magisk, iliyotolewa mwaka 2016, hufuata njia hii.

KWA NINI WATU HURUTI

Sababu kubwa ilikuwa uhaba wa nafasi. Hapa Kenya simu ya Huawei IDEOS, iliyouzwa kwa takriban Sh8,000 mwaka 2011, ndiyo iliyowaingiza wengi katika ulimwengu wa Android. Ilikuwa na Android 2.2 na nafasi ndogo mno ya ndani. Aliyeiruti aliweza kuhamishia programu kwenye kadi ya kumbukumbu na kufuta zile za kiwandani ambazo hakuzihitaji.

Sababu ya pili ilikuwa kupata toleo jipya zaidi. Watengenezaji huziacha simu za bei nafuu mapema, hivyo wenyewe waliziwekea mifumo iliyoundwa na watu wa kujitolea. Maarufu zaidi ulikuwa CyanogenMod, ambao toleo lake la saba liliipa IDEOS Android 2.3. Mradi huo ulifungwa Desemba 2016 na kurithiwa na LineageOS.

Mafundi huita kazi ya kuingiza mfumo mwingine kuflashi. Hapa pia maana isichanganywe na ile ya kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea.

HATARI ZAKE

Mlango uliofunguliwa kwa mwenye nyumba huweza kumpitisha mwizi pia. Mnamo Machi 2011 Google iliondoa zaidi ya programu 50 kwenye soko lake la Android baada ya kubainika kuwa zilibeba virusi vilivyopewa jina DroidDream. Virusi hivyo vilitumia dosari zilezile za kuruti ili kuiteka simu bila mwenyewe kujua.

Isitoshe, programu nyingi za benki hukagua kama simu imerutiwa na hukataa kufanya kazi zikigundua hivyo.

Hatari ya tatu ni simu kufa. Mafundi husema simu imegeuka tofali, na tofali hilo ni la namna mbili. Simu inayokwama kwenye nembo au kujiwasha na kujizima bila kukoma ina tofali laini, ambalo hutibika kwa kuingiza upya programu ya kiwandani. Simu isiyoonyesha dalili yoyote hata ikiunganishwa na tarakilishi ina tofali gumu, na hiyo huhitaji fundi mwenye vifaa maalumu au bodi mpya.

Mfano unaokumbukwa ni wa mwaka 2012. Baadhi ya simu za Galaxy Note N7000 na Galaxy S II zilikuwa na kasoro katika chipu ya kumbukumbu. Mwenye simu alipofuta data kupitia sehemu ya uokoaji akiwa na viini fulani vya Android 4.0, chipu iliharibika kabisa. Anayemiliki simu hizo hadi leo asifute chochote kwa njia hiyo kabla ya kuhakikisha kiini kilichomo hakimo miongoni mwa vile vya hatari.

KOSA LINALOFANYWA NA WENGI

Wengi hudhani kwamba kuchagua kurejesha hali ya kiwandani katika mipangilio ya simu huondoa ruti. Sivyo. Hatua hiyo hufuta picha, jumbe na programu alizoweka mwenyewe, lakini katika simu za zamani haigusi kitengo kinachohifadhi mfumo wenyewe, ambamo faili za ruti hukaa. Mtu hupoteza kumbukumbu zake zote na ruti ikabaki palepale.

Ikiwa mfumo ulioko ni wa kiwandani na kilichoongezwa ni ruti tu, njia nyepesi ni kuiondoa kwa programu iliyoileta. SuperSU ina chaguo la kuondoa ruti kikamilifu, nayo Magisk ina chaguo la kujiondoa na kurudisha faili za awali. Ikiwa mfumo wote ulibadilishwa, hapana budi kuingiza upya programu ya kiwandani.

MAANDALIZI

Kabla ya kuanza, msomaji azingatie mambo yafuatayo:

1. Hamisha picha, majina na jumbe hadi kwenye tarakilishi, kisha fungua faili chache kuhakikisha zimehama kweli. Ondoa laini na kadi ya kumbukumbu, ila pale ambapo kadi inahitajika kwa kazi yenyewe. Picha ya marehemu mzazi haina duka inakouzwa.

2. Bonyeza *#06# na uandike nambari ya IMEI karatasini. Katika simu nyingi za Samsung nambari hiyo hutegemea kitengo kiitwacho EFS, na kikiharibika simu haishiki mtandao. Ikiwa simu ingali imerutiwa, weka nakala ya kitengo hicho kwanza. Tangu mwishoni mwa Septemba 2012, simu zenye IMEI isiyo halali zilipozimwa nchini, nambari hiyo si jambo la kupuuza.

3. Tambua modeli kamili. Galaxy S4 ya GT-I9500 na ile ya GT-I9505 hufanana kwa sura, lakini vichakataji vyake ni tofauti na programu ya moja haifai nyingine. Soma kibandiko kilicho chini ya betri, usitegemee maandishi ya kwenye skrini, maadamu mfumo uliobadilishwa waweza kutaja jina lisilo lake.

4. Ondoa akaunti ya Google katika mipangilio. Kuanzia Android 5.1 ya mwaka 2015, simu zenye ulinzi huo zikifutwa kwa njia isiyo ya kawaida hudai akaunti ya awali. Aliyesahau nywila hujifungia nje ya simu yake mwenyewe.

5. Chaji betri ipite nusu, tumia waya wa USB usiolegea, na kama unatumia tarakilishi ya mezani, epuka saa ambazo umeme hupotea mtaani kwenu.

KUZIRUDISHA

Samsung: Kazi hufanywa kwa programu ya tarakilishi iitwayo Odin, ambayo kampuni hiyo haikuitoa rasmi kwa umma, hivyo nakala bandia ni nyingi. Simu huwekwa katika hali ya kupokea programu. Kwa modeli nyingi za miaka hiyo, hali hiyo hupatikana kwa kubonyeza pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha katikati na cha kuwashia. Faili huingizwa katika nafasi zake: PDA, PHONE na CSC kwa Odin za zamani, au BL, AP, CP na CSC kwa zile za baadaye. Faili ya CSC hufuta data yote, ilhali HOME_CSC huiacha. Palipoandikwa Re-Partition pasitiwe alama. Neno PASS likitokea, kazi imekamilika.

Katika modeli za miaka ya karibuni, programu yenye namba ya ulinzi iliyo chini ya ile iliyomo hukataliwa. Namba hiyo ni herufi au tarakimu ya tano kutoka mwisho wa jina la toleo.

Nexus: Google huchapisha programu kamili za kiwandani za simu hizi. Kufungua kianzishi hufuta kila kitu. Jambo la kuogopa ni kukifunga tena mapema. Kifungwe tu baada ya programu ya kiwandani kuingizwa yote na simu kuwaka sawasawa, la sivyo simu inaweza kukwama huku mlango wa kuitibu umefungwa.

Huawei za zamani: Faili iitwayo UPDATA.APP huwekwa ndani ya folda ya dload kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha simu huwashwa kwa kubonyeza vitufe maalumu, nayo hujisakinishia. Njia hii haihitaji tarakilishi wakati wa kazi yenyewe.

Kwa simu zote, kanuni ni moja: ukiona mstari wa maendeleo umesimama, subiri. Kuchomoa waya kabla ya kianzishi kumaliza kuandikwa ndiko hugeuza tofali laini kuwa gumu. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa.

UKAGUZI BAADA YA KAZI

Bonyeza tena *#06# na ulinganishe na nambari uliyoandika. Piga simu, tuma ujumbe, jaribu kamera, Wi-Fi na Bluetooth. Hakikisha programu ya kusimamia ruti imetoweka. Iwapo simu haitulii baada ya kuingizwa programu, hapo ndipo mahali pa kurejesha hali ya kiwandani, ukikumbuka tahadhari ya Galaxy Note iliyotajwa hapo juu.

Kuna alama isiyofutika. Kuanzia Galaxy Note 3 ya mwaka 2013, Samsung iliweka fyuzi ya kielektroniki ya mfumo wake wa Knox. Programu isiyo ya kampuni ikiingizwa, fyuzi hiyo huungua na usomaji wake hubadilika kutoka 0x0 hadi 0x1, wala hakuna programu ya kuurudisha. Anayenunua simu kuukuu na aitazame namba hiyo katika hali ya kupokea programu kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwaminifu naye aseme ukweli.

JE, INAFAA KURUDISHA?

Si kila simu inanufaika. Tangu Septemba 27, 2021, simu zenye Android 2.3.7 kwenda chini haziwezi kuingia katika akaunti ya Google. WhatsApp nayo iliacha kufanya kazi katika matoleo yaliyo chini ya Android 5.0 mnamo Oktoba 2023. Anayeirudisha Galaxy S II katika programu yake ya kiwandani atapata simu iliyo safi lakini isiyo na WhatsApp. Ikiwa mfumo mpya uliowekwa na watu wa kujitolea ndio unaoiwezesha kuzitumia huduma hizo, basi usiache mbachao kwa msala upitao.

Kurudisha kunafaa unapotaka kuuza simu au kumpa mtu, inapoyumba au kukwama, unapoinunua bila kujua aliyeigusa kabla yako, au unapohitaji programu ya benki. Kwa simu inayobaki kuwa redio au kicheza muziki cha watoto, kuiacha ilivyo hakuna dhara, mradi hakuna akaunti ya fedha ndani yake.

Anayempelekea fundi na adai mambo matatu kabla ya kuiacha simu: kuambiwa jina kamili la toleo litakaloingizwa, kuonyeshwa IMEI kabla na baada ya kazi, na kuelezwa kama data itafutwa. Fundi asiyeweza kujibu swali la kwanza asikabidhiwe simu.