Mlio wa Masikio na Tiba ya Sauti



Sikio likivuma, wengi husema, "Natajwa huko." Wengine hutaja hadithi inayonasibishwa kwa Abu Rafi' (r.a.), kwamba ambaye sikio lake linavuma amkumbuke Mtume (s.a.w.) na kumsalia. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) ameitaja katika al-Adhkar. Kabla yake, Ibn al-Jawzi (597 H) alikwisha kuiweka katika al-Mawdu'at, miongoni mwa hadithi za kuzuliwa. Kumsalia Mtume ni ibada wakati wowote. Ubaya ni kumwacha mgonjwa na jibu hilo peke yake, au kumwambia ana jini.

Matabibu wa Kiislamu hawakufanya hivyo. Ibn Sina (428 H) aliueleza mlio huo, tanin, katika kitabu cha tatu cha al-Qanun kuwa ni maradhi ya sikio yenye sababu zake. Sababu mojawapo twaijua sisi wa nchi za malaria, nayo ni kwinini. Huo kwa kawaida hukoma dawa ikiachwa. Mlio usiokoma ndio tunaouzungumzia.

Kutibu kwa sauti si jambo geni kwa Waislamu. Katika hospitali ya Sultan Bayezid II huko Edirne, iliyokamilika 1488, wapigaji na waimbaji walikuja mara tatu kwa wiki, kama alivyosimulia msafiri Evliya Çelebi katika karne ya 17. Hao waliwatumbuiza wagonjwa wa akili na wengineo. Kwa masikio hasa, tabibu Itard wa Paris alipendekeza mwaka 1821 sauti ya nje ifunike ile ya ndani. Mwaka 1990 Jastreboff akabainisha kuwa si lazima kuufunika mlio: sauti ya chini, pamoja na nasaha, huuzoesha ubongo mpaka uache kuushughulikia. Mlio waweza kubaki, lakini haumkoseshi mtu usingizi. Huchukua miezi mingi.

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Wako wanaowasha kisomo cha Qur'ani usiku kucha ili kizime mlio. Tunaona haifai, kwani sauti hii ya tiba imekusudiwa isisikilizwe, na Mwenyezi Mungu ameamrisha Qur'ani isomwapo isikilizwe (al-A'raf, 204). Kusoma ruqya ni mlango mwingine. Ala za muziki zina khilafu mashuhuri. Maji hayana khilafu: aliye Mbamba Bay ana mawimbi ya Ziwa Nyasa, na aliye Liparamba, mbali na ufuko, ana mvua juu ya bati, au arekodi maji ya mto katika simu na kuyafungulia kwa sauti ndogo.

Lakini mlio wa sikio moja tu, au unaofuata mapigo ya moyo, au ulioambatana na uziwi wa ghafla au kizunguzungu, usingojee mvua. Mwenye nao aende kwa daktari wa masikio kwanza.