Gauni la arusi linalopita mkono hadi mkono: namna watu wa wakati wa vita walivyofunga ndoa

Katika familia nyingi zilizohama makwao, ndoa za vijana zinasimama njiani. Mahari imetolewa au imeanza kutolewa, wazee wamekubaliana, bwana na bibi wanakaa pamoja katika hema au katika chumba cha kupanga, na pengine mtoto amekwisha kuzaliwa. Lakini kwenda komini na kanisani kunaahirishwa mwaka hadi mwaka. Sababu ni nyingi: pesa za karamu, ndugu waliobaki ng'ambo ya mstari wa mapigano, makaratasi yaliyoungua. Na kuna sababu nyingine ambayo wasichana wanaisema kwa sauti ya chini: gauni jeupe. "Sitaki kuolewa sawa mkimbizi." Robe mpya ni ghali, na ya kuazima wanaiona ni aibu.

Tuangalie basi hilo gauni limetoka wapi. Historia yake inaonyesha kwamba gauni jipya la mtu mmoja, la siku moja, si desturi ya zamani hata kule lilikozaliwa. Na inaonyesha pia kwamba waliokutwa na vita kabla yetu waliolewa kwa nguo za kuazima na za kugeuzwa, na leo nguo hizo zinatunzwa kama hazina.

Weupe si wa tangu zamani

Kwa karne nyingi huko Ulaya bibi arusi alivaa gauni lake zuri kuliko yote, la rangi yoyote: buluu, nyekundu, kahawia, hata jeusi. Baada ya arusi alilivaa tena Jumapili, kwenye ubatizo na kwenye sikukuu, mpaka likachakaa. Nguo nyeupe ilikuwa ya matajiri, kwa sababu inachafuka upesi, na kuitunza kulihitaji watumishi.

Kilichobadilisha mambo ni arusi ya malkia Victoria wa Uingereza na Albert, tarehe 10 Februari 1840. Malkia alivaa hariri nyeupe iliyofumwa Spitalfields, London, pamoja na leisi ya Honiton iliyotengenezwa kwa mkono na wanawake wa Devon. Wakati huo wafumaji wa leisi walikuwa wanakosa kazi kwa sababu ya mashine, na malkia alitaka kuwapa kazi. Picha zake zilichapishwa na kuenea, na polepole mabinti wa matajiri, kisha wa watu wa kawaida, wakaanza kumwiga.

Lakini kuna jambo ambalo waigaji wengi hawakuliona. Victoria mwenyewe hakuifungia leisi ile sandukuni. Aliivaa tena kwa miaka mingi katika sherehe za familia. Binti yake mdogo, Beatrice, alipoolewa mwaka 1885, alivaa shela ya mama yake. Na Victoria alipofariki mwaka 1901, alizikwa na shela yake ya arusi. Malkia aliyetawala sehemu kubwa ya dunia hakuona aibu kuvaa nguo ileile mara ya pili, wala binti yake hakuona aibu kuvaa ya mama.

Vita ilipofunga maduka

Karne moja baadaye ikaja vita ya pili ya dunia. Kuanzia Juni 1941 serikali ya Uingereza ilianza kugawa nguo kwa vipimo. Kila mtu alipata tiketi zake, na mwaka wa kwanza zilikuwa 66. Nguo moja ya sufi peke yake ilikula tiketi 11. Ukitaka gauni la arusi, ulipaswa kuacha viatu, koti na nguo za kila siku. Utaratibu huo uliendelea mpaka Machi 1949, karibu miaka minne baada ya vita kwisha Ulaya.

Wasichana walifanya nini? Wengine waliolewa na sare zao za jeshi. Wengine walivaa koti zuri na kofia. Wengi waliazima: gauni moja lilizunguka kwa dada, binamu, jirani na rafiki wa kazini, kila mara fundi akilipunguza hapa na kuliachia pale. Mwandishi wa riwaya Barbara Cartland alikusanya magauni ya arusi yaliyokwisha kuvaliwa, ili wasichana waliokuwa jeshini wayaazime kwa siku yao.

Hata ikulu haikuachwa nje. Elizabeth, aliyekuwa bado binti mfalme, aliolewa tarehe 20 Novemba 1947. Yeye pia alihesabiwa tiketi, ingawa serikali ilimwongezea 200. Wanawake wengi walimtumia tiketi zao kwa posta ili kumsaidia, lakini zilirudishwa kwa wenyewe, kwa sababu sheria ilikataza kumpa mtu mwingine tiketi zako.

Kitambaa kingine kilitoka angani. Miamvuli ya askari wa ndege, yaani parachuti, ilishonwa kwa hariri au nailoni, nyeupe, laini, mita nyingi. Rubani mmoja wa Marekani, Claude Hensinger, aliruka kutoka kwenye ndege yake mwezi Agosti 1944 baada ya injini kuwaka moto, wakati akirudi kutoka kushambulia Japani. Alianguka China akiwa ameumia. Usiku ule parachuti ilikuwa mto wake na blanketi lake. Akaitunza. Alipomwomba mchumba wake, Ruth, amkubalie, alimpa kitambaa kile na kumwambia kiliokoa maisha yake. Ruth alishona gauni akifuata mtindo wa karne iliyotangulia, uliokuwa umerudishwa na filamu ya wakati huo, na wakaoana Julai 1947. Baadaye binti yao alilivaa gauni hilo, kisha mke wa mtoto wao wa kiume. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Bibi arusi wa kambini

Hadithi inayotugusa zaidi sisi wa huku ni ya kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani. Ilikuwa kambi ya mateso ya Wanazi, na maelfu ya watu walikufa humo kwa njaa na kwa homa ya chawa. Jeshi la Uingereza lilifika tarehe 15 Aprili 1945. Lakini waliookoka hawakuwa na nyumba ya kurudia, kwa hiyo kando ya mahali pale palifunguliwa kambi ya watu waliopoteza makwao, na ilikaa mpaka mwaka 1950.

Katika kambi hiyo watu walianza kuoana, na wengi sana. Walikuwa wamepoteza baba, mama na ndugu, na hawakutaka kungojea mpaka hali iwe nzuri. Watoto zaidi ya 1,000 walizaliwa pale.

Mmoja wa mabibi arusi hao alikuwa Lilly. Mchumba wake, Ludwig Friedman, hakuwa na pesa, na Lilly alitamani jambo moja tu: gauni jeupe. Ludwig alipata parachuti ya rubani wa zamani wa Kijerumani, akaibadilisha kwa kahawa isiyofika kilo moja na sigara alizokuwa amepewa kama posho. Mwanamke fundi aliyekuwa humo kambini akaishona kuwa gauni la mikono mirefu na kola, lenye kubana kiunoni. Kitambaa kilichobaki kikawa shati la bwana arusi. Mwezi Januari 1946 walifunga ndoa katika sinagogi la mji wa Celle, na watu wa kambini wakaenda kuwasindikiza.

Baada ya pale dada yake Lilly aliomba gauni. Kisha binamu. Kisha wasichana wengine wa kambi. Lilly alisimulia kwamba alipofika mabibi arusi 17 aliacha kuhesabu. Alikwenda nalo Marekani, na baada ya miaka mingi likaingia makumbusho. Hakuna anayelitazama leo akasema: "Maskini, waliazimana." Watu wanaona wasichana waliokataa kunyimwa furaha yao mara ya pili.

Tusidanganyane: mateso ya Belsen na ya kambi zetu si kitu kimoja, na kila kilio kina wenyewe. Lakini swali la msichana ni lilelile: je, niolewe sasa katika hali hii, au ningojee siku ambayo siijui?

Huku kwetu

Gauni jeupe lilifika kwetu pamoja na kanisa na utawala wa Wabelgiji. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walishika kituo cha Mpala kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1885, na ndoa ya kanisani ikaenea kutoka misheni hadi misheni. Kabla ya hapo ndoa ilikuwa na alama zake: mifugo, majembe, pombe, shanga, na maneno ya wazee. Alama hizo hazikufa. Mpaka leo siku ya mahari bibi arusi anavaa liputa, na wamama wa pande zote mbili wanashona kitenge cha namna moja.

Wakati wa Zaire, Mobutu alipoleta siasa ya kurudia asili, wanaume waliacha suti na kravati wakavaa abakosti, na wanawake wakatakiwa kuvaa vitenge. Mwezi Aprili 1990 kravati ikaruhusiwa tena. Kwa hiyo bibi na mama zetu wamevaa mitindo yote miwili, na kila mmoja ameolewa kweli.

Kuazima pia si kigeni kwetu. Katika miji yetu kuna nyumba zinazokodisha magauni, na gauni moja linavaliwa na wasichana wengi. Kwenye nguo za bale vilevile hutokea magauni ya arusi yaliyovaliwa mara moja mbali huko. Tofauti ni kwamba tunaficha. Wenzetu walisimulia kwa fahari.

La zamani limekuwa la kisasa

Siku hizi hata wasichana wenye pesa huko Ulaya na Marekani wanatafuta magauni ya zamani, au wanaomba fundi awashonee kwa mtindo wa zamani. Julai 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Beatrice, mjukuu wa malkia Elizabeth, aliolewa Windsor katika arusi ndogo. Alivaa gauni ambalo bibi yake alilivaa miaka ya 1960. Mafundi waliliongezea mikono mifupi na kulirekebisha kwa mwili wake.

Kama nyumbani kuna gauni la mama, la shangazi, au la jirani, mafundi wetu wanaweza kazi hiyohiyo. Kwanza geuza gauni ndani, utazame mishono: ikiwa kitambaa kimeachwa kipana kwenye mshono, linaweza kupanuliwa. Ikiwa hakuna, fundi anafungua mgongo na kutia kamba za kukaza. Gauni fupi linaongezewa leisi chini. Usilitie javeli ukitaka lirudie weupe. Javeli inakula hariri, na nailoni inaigeuza ya manjano. Tumia maji ya baridi na sabuni laini, ukaushe kivulini. Baada ya arusi lifunge katika kitambaa safi cha pamba, usiliweke katika mfuko wa plastiki, maana unyevu unaleta madoa. Na andika kwenye karatasi majina ya wote waliolivaa, uifunge pamoja nalo.

Sheria inaomba nini

Kanuni ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, haitaji gauni mahali popote. Inaomba wawili wakubaliane kwa hiari, kila mmoja awe ametimiza miaka 18, mahari ipatane kati ya familia, na ndoa iandikishwe kwa ofisa wa hali ya raia. Karamu si sharti.

Lakini karatasi ya ndoa ina uzito ambao gauni halina. Mume akifa njiani au vitani, mjane asiye na karatasi anapata taabu kujieleza mbele ya shemeji, mbele ya mwajiri, mbele ya tribinali. Watoto wanasumbuka pamoja naye. Tumeona wamama wangapi wamefukuzwa katika nyumba waliyoijenga wenyewe, wakiambiwa, "Wewe hukuolewa"?

Kwa hiyo, wazazi, mkiwa na vijana waliokwisha kupatana, msiwafungie njia kwa sababu ya nguo. Dada uliyeolewa na gauni lako liko sandukuni, litoe, mpe mwenzako. Na wewe binti unayengojea, vaa la kuazima, vaa liputa yako safi, vaa ulicho nacho, na uende komini ukaandikwe jina lako.