Mashahidi Wanne wa Sultani wa Kilwa

Ijumaa moja ya mwaka 1331, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alikuwa akitoka msikitini aliposimamishwa na fakiri wa Kiyemeni. Fakiri hakuomba chakula wala fedha, bali nguo alizovaa sultani mwilini. Akapewa. Msafiri Ibn Battuta, aliyekuwepo, anasema mwana wa mfalme alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na baba mtu akaongeza kumi wengine pamoja na pembe za ndovu. Kwa ukarimu wa namna hiyo watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Hao ishirini waliotolewa kama bidhaa hawakuulizwa maoni yao.

Simulizi ni tamu, lakini Ibn Battuta aliisimulia Morocco zaidi ya miaka 20 baadaye, naye alikuwa mgeni aliyependa wafalme wakarimu. Anadai nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao, na hasemi lolote kuhusu Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lililokaa juu ya jabali nje ya mji, likiwa na birika la pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilichimbua miaka ya 1960, na maandishi ya kuchongwa yaliyopatikana humo yana jina la al-Hasan.

Baada ya msafiri na jumba, shahidi wa tatu ni tarikh ya Kilwa, yaani historia ya mji huo iliyoandikwa. Tunayo kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877, na muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapwa mwaka 1552. Haziafikiani kuhusu orodha ya masultani. Zote mbili ziliandikwa muda mrefu baada ya mfalme kufa, kwa hiyo mtafiti makini haanzii huko.

Mimi naamini zaidi shahidi wa nne, sarafu za al-Hasan. Hazina mwaka, ila zina jina la mfalme na la baba yake, na maneno ya pande zake mbili yana vina. Sarafu ya shaba ya al-Hasan ilichimbuliwa Great Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, bara kabisa, upande ilikotoka dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Wataalamu walizoea kusema Kilwa haikupiga sarafu za dhahabu, mpaka zikajitokeza tatu zenye jina la al-Hasan.

Ukiziweka habari hizi pamoja, hata neno dogo la Ibn Battuta hubadilika sura. Anasema Daud, ndugu wa al-Hasan aliyerithi kiti, aliwajibu waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Msafiri alimhesabu kuwa bahili. Lakini Chittick aligundua kwamba Husuni Kubwa haikukamilika kujengwa, na ilikaliwa kwa muda mfupi tu. Yawezekana Daud alikuwa akieleza hali ya hazina.