Triathloni: Mita 12 zinazotenganisha mbio za haki na wizi wa upepo

Triathloni ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mfululizo bila kupumzika. Katika Ironman kamili, mshiriki huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180 kisha humalizia na marathoni ya kilomita 42.2. Wengi wanaoshiriki ni watu wa ridhaa: walimu, madaktari, wafanyabiashara. Hawalipwi, na bado lawama za udanganyifu haziishi, hasa kwenye baiskeli.

Fahamu udanganyifu huo unafanyikaje, sheria zinasemaje na kwa nini ni vigumu kumkamata mtu.

Kujificha mgongoni mwa mwenzako

Lawama kubwa kuliko zote ni ile ya "drafti", yaani kuendesha ukiwa umemganda aliye mbele ili yeye akukatie upepo. Kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za mwendesha baiskeli huishia kupambana na upepo. Ukimfuata mwenzako kwa karibu unapunguza mzigo huo sana. Kasi mnakwenda sawa, ila yeye anachoka na wewe unatunza miguu kwa ajili ya kukimbia.

Katika mbio za kawaida za baiskeli, kama Tour de France, hilo linaruhusiwa na ndiyo mbinu yenyewe ya mchezo. Hata triathloni ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, inaruhusu. Lakini kwenye mbio ndefu za watu wa ridhaa ni marufuku, kwa sababu kila mtu anatakiwa apambane na upepo wake mwenyewe.

Sheria inasemaje?

Kwenye Ironman, umbali unaotakiwa ni mita 12, ukipimwa kutoka ncha ya gurudumu la mbele la baiskeli moja hadi ncha ya gurudumu la mbele la nyingine. Ukiingia ndani ya eneo hilo una sekunde 25 za kumpita aliye mbele. Ukishapitwa, ni jukumu lako kurudi nyuma hadi utoke kwenye eneo la aliyekupita. Huruhusiwi kubaki hapo hapo ukisubiri kumpita tena.

Waamuzi huzunguka na pikipiki. Ukikamatwa unaonyeshwa kadi ya buluu, halafu unakwenda kusimama dakika 5 kwenye hema la adhabu huku wenzako wanapita. Kadi za buluu 3 zinakutoa mashindanoni.

Mita 12 ni kiasi gani? Ukiwa kwenye kasi ya kilomita 36 kwa saa, ni sekunde 1.2 tu. Aliye mbele akipita kwenye nguzo au alama ya barabarani, hesabu. Kama umefika pale kabla sekunde moja haijaisha, umeshamkaribia mno.

Si kila aliye kwenye kundi ni mdanganyifu

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Chukua washiriki 2,000. Ukiwapanga mmoja mmoja kwa mita 12, unahitaji kilomita 24 za barabara, na hiyo ni kama wote wanakwenda kasi moja. Kwa kweli wengi hutoka majini kwa wakati unaokaribiana, na barabara inajaa. Kwenye kilima kasi hushuka na watu husongamana hata kama hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo picha inayoonyesha watu 10 wamebanana haitoshi kumhukumu mtu. Picha hushika nukta moja tu. Mwamuzi hutazama kinachofuata: je, mtu anajitahidi kupita au kurudi nyuma, au ametulia mgongoni mwa mwenzake dakika baada ya dakika?

Waandaaji wengi siku hizi huwaingiza washiriki majini wachache wachache badala ya wote kwa mpigo, ili kupunguza msongamano barabarani. Baadhi ya mbio za wanaolipwa zimeongeza umbali hadi mita 20. Kuna pia kifaa cha RaceRanger kutoka New Zealand, kinachofungwa kwenye baiskeli na kuwasha taa za rangi kulingana na umbali kati ya mtu na mtu.

Kukata njia

Udanganyifu wa pili ni kukatisha sehemu ya barabara. Kila mshiriki huvaa chipu kifundoni, nayo husomwa anapopita juu ya mikeka maalumu njiani. Mtu asiposomeka kwenye mkeka mmoja, maswali huanza.

Kesi iliyovuma ni ya Ironman Canada, mjini Whistler, mwaka 2015. Mshiriki aliyetangazwa wa kwanza kwenye kundi lake la umri alifutiwa matokeo baada ya wenzake kulinganisha picha, muda na nafasi za watu waliokuwa barabarani. Alikana kudanganya na kusema chipu yake ilipotea, lakini waandaaji hawakukubaliana naye.

Dawa na mota za siri

Mwaka 2011 watafiti waligawa hojaji kwenye mbio 3 nchini Ujerumani, katika miji ya Frankfurt, Regensburg na Wiesbaden. Walitumia mbinu inayoficha jibu la mtu mmoja mmoja ili watu wawe huru kusema ukweli. Majibu ya wanatriathloni 2,987 yalionyesha kuwa takriban asilimia 13 walitumia dawa za kuongeza nguvu za mwili katika miezi 12 iliyotangulia.

Tatizo ni kwamba vipimo kwa watu wa ridhaa ni vichache na ni ghali. Wengine hunaswa wakitumia testosteroni waliyoandikiwa na daktari. Cheti cha daktari peke yake hakitoshi. Mwanamichezo anatakiwa kuwa na kibali rasmi cha kutumia dawa hiyo kwa matibabu.

Kuhusu mota zinazofichwa ndani ya baiskeli, kesi inayojulikana zaidi haikutoka kwenye triathloni. Januari 2016, kwenye mashindano ya dunia ya saiklokrosi huko Zolder, Ubelgiji, mota ilikutwa kwenye baiskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya Mbelgiji Femke Van den Driessche. Alifungiwa miaka 6.

Nani anaumia?

Mtu anaweza kuuliza, mbona kelele zote hizi wakati hakuna pesa? Jibu ni nafasi. Washiriki wa ridhaa hugombea tiketi chache za kwenda mashindano ya dunia ya Ironman, yanayohusishwa zaidi na Kona, Hawaii, jimbo ambako mbio hizi zilianzia mwaka 1978. Aliyejificha mgongoni akimaliza dakika 2 mbele, kuna mwenzake aliyeamka alfajiri mwaka mzima ambaye anabaki nyumbani.

Afrika Mashariki nayo imeingia kwenye mchezo huu. Tangu 2022 Rwanda huandaa Ironman 70.3 mjini Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, ambako baiskeli ni kilomita 90. Sheria ya drafti inatumika huko pia.

Ukimshuku mtu ufanyeje?

- Kariri namba yake ya mashindano, sehemu ya barabara na saa.
- Mwambie mwamuzi siku hiyo hiyo. Malalamiko yana muda maalumu.
- Usimtangaze mtandaoni kabla hajasikilizwa. Kasi kubwa peke yake si ushahidi. Huenda alikuwa na upepo mgongoni, baiskeli bora au mazoezi zaidi.
- Jua kwamba uamuzi wa refa kuhusu drafti kwa kawaida haukatiwi rufaa.

Na ukiona kundi linakupita limebanana, usidandie. Rudi nyuma, acha mita zako 12, endelea na mbio zako.